Majaketi ya Sponji Niliyoyapeleka Nyumbani

Jumanne moja naikumbuka kuliko siku zote nilizoishi mjini, mwanangu. Ndiyo siku Mama Akinyi alipotembea kwa miguu kutoka Lindi, kule Kibera, mpaka Kawangware, karai kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni hadi kwenye viatu. Ndani ya karai mlikuwa na kitu nilichokishona mimi. Hakuwa amekuja kunisalimu.

Naandika polepole, univumilie. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kalamu bado hunichosha kuliko sindano. Lakini nimesikia kwamba ninyi vijana wa kisiwa chetu mnaoishi hapa Nairobi mnataka kushona majaketi ya kuelea muwapelekee wavuvi nyumbani. Nilifurahi kusikia. Halafu nikashtuka, kwa sababu sisi tulifanya jambo hilo hilo kabla hamjazaliwa, na sidhani kuna mtu aliyewaeleza lilivyokwenda. Afadhali mlisikie kwangu.

Wakati huo, mwanzo wa miaka ya sabini, nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimepanga chumba Lindi pamoja na wenzangu wawili wa kwetu, na kila asubuhi nilitembea hadi Kawangware kwenye karakana ya makochi na magodoro. Karakana ilikuwa katika ploti ya mzee mmoja wa Kikuyu, mtu wa kanisa, mwenyeji wa pale tangu babu zake. Nyuma alikuwa na vyumba vya kupangisha, mbele tulikuwa sisi mafundi. Mikono yangu ilikuwa myepesi, lakini mdomo ulikuwa mzito. Nikiulizwa neno mbele ya watu, masikio yalipata moto. Fundi mwenzangu, Njoroge, aliniita Bubu, na jina likaenea hadi wateja wakawa wanakuja wakiuliza, "Yule Bubu yuko?" Sikuwa nakasirika. Ukiitwa Bubu, hakuna anayekungoja useme.

Sisi watu wa kisiwani tulikuwa na chama. Tulikutana kila Jumapili baada ya kanisa, chumbani kwa mwenyekiti wetu, Mzee Ondiek, aliyekuwa karani wa reli zamani na ambaye hata baada ya kustaafu hakuacha kufunga tai. Kazi kubwa ya chama ilikuwa misiba. Mtu akifia Nairobi, tunamsafirisha. Mtu akizama ziwani, tunatuma watu wakalie kwa niaba yetu. Na mwaka ule waliozama walikuwa wengi. Mashua za kwetu zilikuwa ndogo, za mbao, za makasia na tanga. Samaki walikuwa wamesogea mbali na ufuo, wavuvi wakawafuata. Upepo ukigeuka ghafla mchana ukiwa huko, hakuna wa kukuona. Kisiwani hakukuwa na simu, hakukuwa na polisi, na mashua ya kwenda kuokoa mtu ilikuwa ni mashua ya jirani yako, kama naye hajaenda kuvua.

Jumapili moja ilisomwa barua kwamba vijana watatu wa ukoo mmoja hawakurudi. Mzee Ondiek akaanza kama kawaida kutaja nani atasafiri. Hapo ndipo Mama Akinyi aliposimama. Yeye alikuwa mjane, mume wake alikwenda na ziwa hilo hilo, naye alikuwa akiuza samaki wakavu pale Lindi. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Kila mara tunachanga watu waende kulia," alisema. "Tunashindwa nini kuchanga ili wasilie?"

Kisha mmoja akakumbuka kwamba wazungu wenye mashua za mchezo kwenye bwawa la Nairobi, pale chini ya Kibera, huvaa majaketi mazito yanayowaelesha. Mwingine akasema vitu hivyo vinauzwa mjini lakini sisi hatuviwezi. Mzee Ondiek akauliza kama kati yetu hakuna anayejua kushona. Vichwa vyote vikageuka kunitazama mimi.

Nilishona majaketi kumi na matatu. Nilifanya kazi hiyo baada ya saa za karakana, na mwenye karakana akaniruhusu kuchukua mabaki ya sponji bila kuyalipia. Nilikata mito miwili ya kifuani na mmoja wa mgongoni, nikaifunika kwa reksini, kile kitambaa cha plastiki tulichokuwa tukifunikia viti vya hoteli. Mikanda niliikata kutoka kwenye utepe mgumu unaotandazwa chini ya kochi ili watu wasizame wakikaa. Mikanda hiyo ndiyo niliyoionea fahari zaidi. Niliishona mara mbili mbili, nikaifanya ifungwe kwa fundo, nikajaribu kuvuta jaketi litoke mwilini, halikutoka. Nilisema wimbi halitamvua mtu jaketi langu.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, mvua ilinyesha na bati la karakana likavuja juu ya godoro moja jipya. Asubuhi tulilikuta limelowa. Mimi na Njoroge tulilishika huku na huku tulitoe nje, tukashindwa kuliinua. Njoroge alicheka mpaka akakaa chini. Alisema godoro hili limekunywa kuliko baba yake siku ya sikukuu. Tulilivuta kama ng'ombe aliyekufa, na lilikaa juani siku nne kabla ya kurudi kuwa jepesi.

Kwa hiyo nilijua. Na kuhusu reksini pia nilijua, kwa maana kila fundi wa makochi anajua: mtoto akimwaga chai juu ya kiti cha reksini, ukikifungua kiti hicho baadaye utaikuta chai ndani ya sponji. Inapita kwenye matundu ya sindano. Nilikuwa nimeziona chai hizo mara nyingi sana. Nilijiambia labda ziwani itakuwa tofauti. Sijui nilifikiri maji ya ziwa hayana akili ya chai.

Jumapili ya kuonyesha kazi ilipofika, Mzee Ondiek aliweka karai kubwa la maji katikati ya chumba. Akaweka jaketi ndani. Likaelea. Akaweka tofali juu yake, likaelea bado, na tofali halikulowa. Watu walipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele hadi majirani wakachungulia mlangoni. Jaketi lilikaa majini labda muda wa kusema sala ya Baba Yetu. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta, na neno lilikuwa mdomoni mwangu tayari. Lilikuwa neno fupi: sponji hunywa maji, tuliache humo hadi kesho tuone.

Mzee Ondiek akaja akaniwekea mkono begani. Aliwaambia watu kwamba huyu ndiye wanayemwita Bubu, na leo mikono yake imesema kuliko midomo yao wote. Wakacheka kwa furaha. Sikuwa nimewahi kusifiwa mbele ya watu, mwanangu. Hata nyumbani, ndugu yangu mkubwa Ouma ndiye aliyekuwa akisifiwa, kwa kuwa alikuwa mvuvi hodari na msemaji. Kisha mzee akaniuliza, "Fundi, una neno la kuongeza?"

Nikatikisa kichwa.

Ndiyo hivyo tu. Sikusema uongo hata neno moja. Nilitikisa kichwa, wakaomba, wakafunga mkutano. Majaketi kumi na mawili yakafungwa ndani ya magunia yakapanda basi siku ya pili. La kumi na tatu lilibaki kwa Mama Akinyi, ampe mkwe wake aliyekuwa mjini na angesafiri mwisho wa mwezi.

Zikapita siku tisa. Nilikula, nilifanya kazi, nililala vizuri. Watu wa kwetu waliponikuta njiani waliniita Fundi, nami nilianza kulizoea jina hilo.

Ndipo ikaja ile Jumanne. Ilikuwa karibu saa sita mchana, tunapigilia misumari kwenye fremu ya kochi. Mama Akinyi aliingia bila kubisha, akalitua karai, akatoa jaketi kwa mikono yote miwili na kulibwaga juu ya meza ya kukatia. Lilitoa sauti kama nyama inapotupwa kwenye meza ya bucha. Maji yakatiririka hadi kwenye miguu ya Njoroge.

Sikuelewa mara moja. Nilimwuliza kama limelowa kwa mvua.

"Mvua gani?" alisema. "Nililitia kwenye pipa langu la kulowekea samaki. Samaki wangu wakavu nikiwatia asubuhi wanaelea juu kama majani. Ikifika adhuhuri wameenda chini wote. Jana nikawatazama, nikasema, na hii kitu ya huyu kijana je? Nikaitia. Nikaenda sokoni. Nimerudi nikaikuta chini kabisa, chini ya samaki. Imelala huko mpaka leo."

Nilisimama na nyundo mkononi. Mama Akinyi akaniambia nilivae. Nikafikiri anasema kwa hasira tu, lakini alikuwa amelishika tayari, akanivika mwenyewe kama mama anavyomvika mtoto sweta, akafunga mikanda na kukaza fundo. Lilinivuta mabega chini kama nimebebeshwa gunia la unga, na maji baridi yakaingia hadi kiunoni. Njoroge, ambaye hakuna kitu alichowahi kukosa kukicheka, hakucheka. Nilijaribu kufungua fundo. Utepe ulikuwa umevimba kwa maji, na vidole vyangu viliteleza. Nilivuta na kuvuta. Lile fundo nililolionea fahari halikufunguka.

Mama Akinyi alikuwa akinitazama usoni, karibu sana.

"Ulijua?"

Nikaendelea kuvuta fundo.

"Mtoto wa kwetu, nimekuuliza. Kazi yako ni sponji kila siku. Ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

Alirudi nyuma hatua moja kana kwamba nimemsukuma. Alikuwa amekuja akitegemea nimkatalie. Alitembea njia yote ile, uzito ule kichwani, akitegemea kwamba kijana hakujua, kwamba ni ajali ya ujinga. Aliketi juu ya kochi lisilo na kitambaa, juu ya springi tupu, akashika kichwa. Njoroge ndiye aliyechukua kisu cha kukatia sponji akanikatia mikanda. Kisha akatuambia kwa upole twende posta mara moja, yeye ataeleza mwenye karakana.

Tulituma telegramu, nayo ilisema: MSIVAE MAJAKETI. YANAZAMA. VUENI YOTE. Karani aliisoma, akatutazama, akaisoma tena. Ingefika siku hiyo hiyo kwenye posta ya mji ulio ufuoni, bara. Lakini kutoka pale hadi kisiwani, barua zilingoja mashua ya soko, na mashua ya soko ilienda mara mbili kwa wiki. Mama Akinyi alijua hilo kama nilivyojua mimi. Hakuniambia niende. Alinisindikiza tu hadi kwenye stendi ya basi akaniangalia nikipanda, bila kunipa mkono.

Nilifika mji wa ufuoni kesho yake. Nikaingia posta kuuliza kama ujumbe umevuka. Karani wa pale alipekua kwenye visanduku vyake, akatoa karatasi, akaniuliza kwa furaha kama ninaelekea huko kisiwani. Nilipoitika akanikabidhi niipeleke. Ilikuwa telegramu yangu. Niliibeba mfukoni, nikavuka ziwa nayo kwa mashua ya kukodi, maneno yangu mwenyewe, yamechelewa, hayajasomwa na mtu.

Mashua ilipokaribia, niliona watu wamekaa ufuoni wametulia. Hakuna nyavu zilizotandazwa. Mtu wa kisiwani akiona hivyo hahitaji kuambiwa.

Ilikuwa hivi. Jumanne ile, ndugu yangu Ouma, rafiki yake Okumu, na mzee mmoja mwenye mashua, jina lake Ogola, walikuwa wametoka asubuhi na mapema. Okumu nilikuwa nimekaa naye dawati moja shuleni. Wote watatu walivaa majaketi yangu. Upepo uliwakuta mbali, ukawapindua. Kwa mwanzo majaketi yaliwaelesha vizuri sana, hata wakaweza kuogelea hadi kwenye mashua iliyopinduka na kuishika, Ouma na Mzee Ogola upande mmoja, Okumu upande wa pili. Wakangoja. Kadiri walivyongoja, ndivyo majaketi yalivyoanza kuwavuta. Ouma alikuwa na kisu cha samaki kiunoni. Alikata mikanda yake, akakata ya mzee. Kisha akazunguka mashua kwenda kwa Okumu. Hakumkuta. Mashua ya jirani iliwaokota wawili jioni.

Niliuliza ilikuwa saa ngapi. Mzee Ogola akasema jua lilikuwa utosini. Saa ile ile, mwanangu, mimi nilikuwa nimesimama ndani ya karakana Kawangware nikiwa nimelivaa jaketi langu, nikivuta fundo langu. Mimi nilikuwa na Njoroge wa kunikatia mikanda.

Kumbe basi lisingesaidia, wala telegramu, hata kama ingeruka kama ndege. Kilichochelewa kilikuwa neno la ile Jumapili.

Nilitoa karatasi nikawaonyesha. Nilisema tumegundua jana kwamba yana kasoro, yasivaliwe tena. Tumegundua jana. Hivyo ndivyo nilivyosema, na wao wakaelewa kwamba hatukujua kabla ya hapo. Majaketi yakakusanywa yakawekwa pembeni. Na hapo likanipata jambo lililonishtua kuliko yote. Walinishukuru. Mama yake Okumu, macho yamevimba, alinishika mikono akaniambia Mungu anibariki kwa kujaribu, kwamba nimeacha kazi yangu Nairobi nikaja mbio kwa ajili ya mtoto wake. Nilipewa kiti. Nililetewa chai na samaki. Nilikula, mwanangu. Sijui nilimezaje.

Lakini hasira ya msiba lazima ipate mahali pa kukaa, na kwa kuwa haikukaa kwangu, ilimwendea Ouma. Niliona siku ya pili. Alikuwa ameketi peke yake karibu na mitumbwi, na watu walipompita walinyamaza. Watoto wa ukoo wa Okumu walimwita Mwenye Kisu. Maneno yalikuwa yameanza: kwamba alijikatia mikanda yeye kwanza, kwamba aliona rafiki yake anazama akachelewa makusudi, kwamba waligombana juu ya nyavu mwezi uliopita. Ouma, yule msemaji, alikuwa hasemi. Nilipomkaribia alinionyesha mikono yake mitupu tu. Aliniambia, "Omera, ndugu yangu, nilizunguka haraka kadiri nilivyoweza."

Nilikaa naye. Nilimwekea mkono mgongoni. Sikumwambia. Hata pale, kwa ndugu yangu wa tumbo moja, nilikuwa bado nangoja mtu mwingine aseme.

Siku ya nne ziwa lilikuwa halijamrudisha Okumu. Basi ikafanywa kama inavyofanywa kwetu mwili usipopatikana. Wazee walikwenda wakakata tunda la yago, lile refu na zito kama gogo, wakalilaza ndani ya jeneza badala ya mtu. Tulikusanyika kaburini. Wakati wa maneno ulipofika, mjomba wake Okumu alisimama akasema kabla tunda halijafunikwa, anataka mtu mmoja ajibu. Akamgeukia Ouma.

"Kisu kilikuwa mkononi mwako," alisema. "Tuambie mbele ya huyu tunayemzika, kwa nini mikanda yako ilikuwa ya kwanza."

Ouma alifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nilimwona ndugu yangu amekuwa kama mimi. Na nilijua akishindwa kujibu pale, kaburini, jambo hilo halitamwacha maisha yake yote. Hataoa katika kisiwa kile, na hakuna atakayepanda naye mashua moja. Watoto wake wataitwa watoto wa Mwenye Kisu.

Masikio yalinipata moto. Nilisogea mbele hadi ukingoni mwa kaburi nikasema kwamba kisu hakina kosa, jaketi ndilo lililomvuta. Mjomba akasema hilo wanalijua, Nairobi mmegundua juzi.

"Si juzi," nikasema. "Mimi nilijua kabla hayajaondoka Nairobi. Nilijua sponji inakunywa maji. Waliniuliza kama nina neno, nikanyamaza."

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika jembe aliliacha likaanguka. Mzee Ogola alinitazama, kisha akajitazama kifuani, pale jaketi lilipokuwa, kana kwamba angelikuta bado. Nilimwogopa mama yake Okumu kuliko wote. Alikuwa amekaa chini. Alisimama, wakamshika, akawaondoa mikono.

"Sema tena," aliniambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena. Akaniambia bado. Nikasema mara ya tatu kwa sauti kubwa ambayo sikujua ninayo, hadi ikafika kwa wale waliosimama nje ya ua. Alipotosheka, alinigeuzia mgongo. Alimwita Ouma kwa jina lake, akamwambia, "Njoo ukae hapa na sisi, mwenzako anazikwa." Na Ouma akaenda, akaketi katikati ya ukoo wa Okumu, ndipo akalia, siku ya nne.

Mimi hakuniita. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi tena kupewa chai nyumbani kwake. Sikudai. Watu wengine hupenda hadithi iishe kwa msamaha. Hii ilivyoisha ndivyo nilivyoeleza.

Nilirudi Nairobi nikasema yote chamani. Mzee Ondiek alikasirika kwamba nimekiaibisha chama mbele ya watu wa nyumbani. Kwake, tungeiacha ibaki kuwa kazi ya ziwa. Mama Akinyi akamwuliza kama ni yeye atakayekwenda kumwambia mama wa pili atakayepoteza mtoto. Mjadala ukaishia hapo. Tulianza upya. Tulitumia mitungi midogo ya plastiki ya mafuta ya kupikia, imezibwa vifuniko kwa lami, ndani ya mifuko ya turubai. Mikanda niliifanya iachie kwa kuvuta ncha moja kwa mkono mmoja, hata ukiwa umelowa. Kila jaketi lilikaa majini siku tatu, jiwe juu yake. Halafu mimi mwenyewe nililivaa nikaingia kwenye bwawa la Nairobi, nikakaa humo kuanzia asubuhi hadi mlinzi wa mashua za mchezo alipokuja kunifukuza, Njoroge akiwa kwenye nyasi anakula mahindi ya kuchoma na kuniuliza kila baada ya muda, "Bubu, uko?" Ilikuwa lazima nimjibu. Nisipojibu angeruka kunitoa, na hakujua kuogelea.

Sasa ninyi mnataka kushona. Shoneni. Nyumbani wanahitaji, mashua bado ni ndogo na msaada bado uko mbali. Lakini kifaa cha kumwokoa mtu usikijaribu kwa muda wa kukifurahia. Kijaribu kwa muda mrefu kuliko ambao mtu anaweza kukaa akingojea kuokolewa, na anayekishona akivae wa kwanza, ndani ya maji, si mbele ya kioo. Kila mvuvi awe na kisu chake mwenyewe, mtu asitegemee cha mwenzake kilicho upande wa pili wa mashua. Na mashua isitoke bila kumwachia mtu ufuoni neno wameelekea wapi na watarudi lini, ili asipowaona ajue pa kuanza kutafuta.

Hayo ni ya mikono. La moyo ni hili, mwanangu, nawe mpole najua, ninakuona ukikaa karibu na ukuta mikutanoni kama nilivyokaa mimi. Upole si kosa. Lakini kuna siku utakuwa wewe peke yako chumbani unayejua kitu, na wengine wote watakuwa wanapiga makofi. Siku hiyo sema, hata sauti ikitetemeka, hata wakikucheka, hata kama sifa hizo ndizo za kwanza kupewa maishani. Usingoje ujasiri uje kwanza, maana mimi niliungoja na ulikuja kaburini.

Mungu akulinde nchi kavu na majini. Akupe mikono ya kazi na watu wa kukuambia ukweli, nawe uwaambie. Wote utakaowavika jaketi lako, awarudishe kwa mama zao wakiwa hai.